Kama Nyama Buchani

Juu ya moto wa nyuzi 1,200, pale ninapofanya kazi, kuna paa la matofali lenye uzito wa tani 17 na kitu. Halijakalia ukuta. Kuta zipo, lakini hazibebi paa. Ukitoa ukuta mmoja leo jioni paa litabaki pale pale. Linaning'inia. Limeshikwa kutoka juu, kipande kwa kipande, na kulabu za chuma zisizozidi unene wa kidole gumba changu.

Kazi yangu ni kuchora mapaa ya aina hiyo. Watu wa rika langu wakiniuliza nafanya nini Nairobi, nikijibu kwamba nachora mapaa, wanafikiria mabati na vigae. "Si basi unichoree ka-bungalo?" Nikieleza kwamba ni mapaa ya matanuri ya viwandani, mtu anasema "wueh" mara moja kisha anarudi kwa simu yake. Siwalaumu. Hakuna anayeposti tanuri Instagram. Lakini kama unaishi kwa ghorofa, iwe Kahawa West ama Rongai, zile D10 na D12 zilizofichwa ndani ya nguzo zako zilipita chini ya paa kama hili. Kipande kizito cha chuma, tunakiita bileti, kinaingia upande mmoja kikiwa baridi, kinasukumwa polepole ndani ya tanuri, kinatoka upande wa pili kikiwa na rangi ya papai lililoiva, halafu mashine zinakikanyaga na kukirefusha mpaka kinakuwa chuma cha kujengea. Chote hicho hutegemea moto usitoroke kwenda juu.

Mimi ni wa Marani, kule Kisii, na kwetu tofali ni zao kama ndizi na majani chai. Ukishuka kwenye matatu kutoka Kisii mjini na kufuata njia yoyote inayoteremka kwenda kijitoni, hutakosa kuona shimo jekundu, safu za matofali mabichi yaliyofunikwa nyasi na majani ya migomba, na mahali palipochomwa mwaka jana, udongo wake mweusi. Tata alifyatua matofali tangu kabla nizaliwe. (Kwetu tata ndiye baba, na baba ndiye mama. Mwalimu wa Kiswahili akituambia tuandike insha ya "Baba Yangu" kuna wenzangu walioeleza vizuri sana anavyochuma chai na kunyonyesha mtoto.)

Tanuri la kijijini ni kitu cha ajabu ukikaa chini ukalifikiria, kwa sababu limejengwa kwa mali ile ile linayoichoma. Hakuna ukuta wa kudumu wala paa. Unapanga matofali mabichi elfu tano, elfu sita, unaacha midomo miwili au mitatu chini ya kutilia kuni, unakandika tope nje yote, unawasha. Likishapoa unalibomoa na kuliuza. Sasa ile midomo lazima iwe na dari, na hapo ndipo Tata alipokuwa hakubali mtu mwingine aguse kazi. Alipanda safu tano au sita wima. Kisha kila safu iliyofuata aliitokeza ndani kidogo, kutoka pande zote mbili, mpaka pande zikakutana juu. Sheria yake ilikuwa tofali lisitokeze zaidi ya theluthi ya urefu wake. Theluthi mbili zibaki nyuma, zimekaliwa na wenzake. Alikuwa hana rula. Alipima kwa vidole, na akiona umezidisha alilichomoa tofali bila kusema neno na kulirudisha mahali pake.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu dari ya mdomo ikianguka usiku wa pili, moto ukiwa umekolea, mzigo wote wa juu unazama. Matofali ya katikati yanavunjika, ya pembeni yanabaki mabichi, kuni zimeisha, na watu waliokulipa arubuni wanakuja asubuhi kuulizia. Jirani yetu mmoja yalimpata hayo mwaka ambao mtoto wake alikuwa anaingia Fomu Wani. Mtoto alianza shule muhula wa pili.

Tulichoma usiku na mchana, siku mbili au tatu, kuni za mikaratusi. Kwanza moshi ulitoka mweupe na mzito, huo ni unyevu, na Tata hakuruhusu moto mkubwa mpaka moshi ubadilike. Baadaye alipanda ngazi na kijiti kilichowekwa alama, akapima jinsi kichwa cha tanuri kilivyoshuka. Udongo ukiiva hunywea, na likishuka kiasi cha upana wa kiganja alisema limeiva. Sisi watoto tulikuwa na viazi vitamu kwenye majivu, na hatukujali vipimo vyovyote. Nataja haya kwa sababu nilipofika chuo na kufundishwa kuhusu unyevu, kunywea kwa udongo na namna ya kupandisha joto, sikuona jipya isipokuwa majina.

Jipya lilikuwa tao.

Tao nadhani unalijua: milango ya makanisa ya zamani, madaraja ya reli. Matofali yamekatwa upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, yanabanana kwa mduara, na kila moja linamzuia mwenzake asianguke. Kwa karne nyingi hilo ndilo lililokuwa paa la tanuri, na bado lipo, tena kwa sababu nzuri. Matanuri ya kuyeyusha kioo, kwa mfano, mengi bado yana paa la tao la matofali ya silika, ambayo hubaki na nguvu hata kwenye joto kali mno, na huwezi kutaka paa linalodondosha takataka ndani ya chupa za watu.

Shida ya tao ni kwamba halitulii. Watu wawili wakiegemeana mgongo kwa mgongo na miguu wameitanua, kila mmoja anatamani kuteleza kwenda nje. Tao nalo linasukuma kuta hivyo hivyo, usiku na mchana. Chukua tanuri lenye upana wa mita 3.6 na tao la unene wa sentimita 23, lililoinuka sentimita 45 katikati. Uzito wake ni kama kilo 480 kwa kila mita ya mraba, na msukumo wake kwenda pembeni unafika kama kilo 1,700 kwa kila mita ya urefu wa tanuri. Mita kumi, tani 17, kila upande. Ndiyo maana matanuri ya zamani yamefungwa mihimili ya chuma nje na fito za kuvuta juu, kama sanduku lililofungwa kamba likataa kufunika. Na ukiongeza upana mara mbili bila kuliinua tao zaidi, msukumo hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne.

Halafu kuna joto. Tofali la kawaida la moto, lile la udongo mgumu, hutanuka milimita 5 hadi 6 kwa kila mita likifika nyuzi 1,000. Tao likitanuka halina pa kwenda ila juu, kwa hiyo linainuka, na asiyelegeza zile fito wakati wa kuwasha atasikia matofali yakipasuka pembeni. Likipoa, linashuka. Kila ukizima na kuwasha, linapumua. Na siku tofali moja la katikati likiisha, huwezi kulibadilisha peke yake. Ukilitoa, jirani zake wanalifuata.

Watu wa boila ndio waliochoka kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Marekani boila zilikuwa zinapanuka kuliko tao linavyoweza kuruka, na kampuni kama M. H. Detrick ya Chicago na Bigelow-Liptak ya Detroit zikafanya biashara ya kutundika matofali badala ya kuyaegemeza. Baadaye watu wa chuma nao walilazimika. Kwenye matanuri makubwa ya kuyeyusha chuma ya katikati ya karne hiyo walitaka kuacha silika watumie matofali ya magnesia, yanayovumilia zaidi, lakini magnesia ni nzito na inatanuka kupita kiasi. Ukiijenga kama tao linajiponda lenyewe. Wakaitundika.

Mara ya kwanza nilipomwonyesha Tata picha ya paa la kutundikwa, kwenye simu, tukiwa tumeketi nje Marani, aliitazama kwa muda mrefu. Akairudisha mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Kumbe mnatundika matofali kama nyama buchani?"

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo, na nimehudhuria semina. Ingia bucha yoyote pale Daraja Mbili. Juu kuna bomba la chuma, kwenye bomba kuna kulabu, kwenye kulabu kuna paja. Bomba limeshikwa na nguzo, nguzo zimesimama chini. Nyama haiegemei nyama. Mwenye bucha akitoa paja moja, mengine hayatikisiki. Paa letu ni hivyo. Juu ya tanuri kuna mihimili, kwenye mihimili kuna mabomba, kwenye mabomba kuna kulabu, na kila kulabu imeshika shingo ya tofali refu la pekee ambalo sisi tunaliita nanga. Mwili wa nanga una mikunjo kama ubao wa kufulia, ili matofali ya kawaida yaliyoizunguka yashikane nayo. Kwenye paa letu nanga ziko karibu 340, moja kila sentimita 30 kwa 35. Gawanya tani 17: kila kulabu imebeba kilo 50 hivi. Mfuko mmoja wa simiti. Mfuko mmoja wa simiti hautishi mtu.

Na hakuna msukumo. Upana unaweza kuwa mita 3 au mita 12, mihimili ya juu ndiyo itakayoongezeka unene. Paa linaweza kuwa bapa, linaweza kushuka mahali unapotaka moto ukaribie chuma, na likichoka upande mmoja unazima, unapoza, unatoa nanga sita, unaweka sita. Ubaya wake ni bei, na kwamba umeyakabidhi maisha ya paa kwa chuma, ilhali chuma na moto si marafiki. Tofali halijali nyuzi 1,200. Chuma cha kawaida kikifika 500 kinaanza kupungukiwa nguvu kwa kasi. Kwenye 600 kimebakiwa na chini ya nusu. Kwa hiyo kitu cha kwanza unachofundishwa na mtu anayejua kazi ni hiki: usifunike kulabu. Acha chuma kipigwe na hewa.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kaloleni, nilipokuwa atachimenti kwenye kiwanda kingine ambacho sitakitaja. Alikuwa fundi mkuu wa matofali. Alinipokea bila maneno mengi. "Binti, hapa hatuulizi kama umesoma. Panda." Nikapanda. Alinionyesha kusikiliza nanga kwa kuigonga na kirungu cha mbao. Nzima inalia kama sahani, iliyopasuka inajibu kama gogo. Alinifundisha kuweka vipande vya katoni kati ya sehemu na sehemu ya matofali. Katoni inaungua kwenye moto wa kwanza na kuacha nafasi ya milimita chache ambayo matofali yatatanukia. Mtu akipita pale anaona uchafu, anadhani fundi hana adabu. Mzee alikuwa akizikata kwa mkasi wa mshonaji.

Mafuta mazito yalikuwa yamepanda bei mwaka huo. Ofisi ilileta mtu na kipima joto, akaelekeza kwenye paa, akaona joto linapotea, na katika wiki moja ikaja amri ya kutandaza blanketi la nyuzi za kauri juu ya paa zima, kulabu na vyote. Mzee alikataa. Aliambiwa si ombi. Wakaja vibarua wa nje wakatandaza siku ya Jumapili. Bili ya mafuta ilishuka kweli miezi miwili, na kulikuwa na barua ya pongezi kwenye ubao wa matangazo.

Mwezi wa tatu, shifti ya usiku, mtu aliona blanketi limebonyea katikati. Mzee akapanda kwenye kijia cha juu kuangalia. Hakuna aliyemtuma, ni paa lake. Akiwa pale nanga tatu ziliachia kwa pamoja na kuvuta zilizo karibu, kipande cha ukubwa wa meza ya kulia chakula kikaanguka ndani, na moto ukatoka kupitia lile tundu. Aliungua mikono yote miwili na uso upande mmoja. Alipona, kama kupona ni kurudi Kaloleni na vidole visivyofunga kifungo cha shati. Ripoti ilisema chanzo ni umri wa matofali.

Siku tanuri lilipopoa nilikuwa kati ya waliotumwa kukusanya vifusi. Matofali hayakuwa na neno, mengi yalikuwa mazima. Kulabu ndizo zilikuwa zimevutika, zimekuwa nyembamba katikati kama Big G uliyoitafuna ukaivuta kwa meno. Niliokota moja nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Ninayo mpaka leo.

Sasa unajua ilikuwaje mwaka jana, meneja wa fedha wa hapa tulipo alipoingia mkutanoni na kuniuliza, kwa upole kabisa, "Madam Injinia, kwa nini hii paa yetu haina blanketi?"

Nataka kumtendea haki. Hakuwa mjinga. Nilipiga hesabu mwenyewe na alikuwa na hoja: paa la sentimita 23 bila kitu juu yake, ndani nyuzi 1,200, nje linakaa kama 250, na linapoteza karibu kilowati 5 kwa kila mita ya mraba. Mita za mraba 36, hizo ni kilowati 180. Ni sawa na birika 90 za umeme zikichemka saa ishirini na nne, siku saba, bila mtu kunywa chai. Pesa hiyo ingelipa watu. Ukiwa mtu wa kupenda mazingira, hayo ni mafuta yanayochomwa kupasha anga ya Athi River, ambayo haikuomba.

Tatizo ni mahali ambapo joto hukaa. Ukitandika kizuizi juu ya tofali, joto halipotei, linarudi nyuma. Kwa hesabu yangu, tabaka la milimita 75 la zege jepesi lingepunguza upotevu kwa zaidi ya nusu, hadi kama kilowati 2.2. Safi. Lakini pale tofali linapokutana na hilo tabaka, mahali ambapo leo ni 250, pangekuwa 800. Kulabu yetu inashika shingo ya nanga hapo hapo. Kwenye 800 chuma cha kawaida kimebakiwa na kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na ule mfuko wa simiti hausubiri.

Dawa ipo na haikuvumbuliwa na mimi: agiza nanga ndefu zaidi, shingo itokeze juu ya tabaka, kulabu ibaki hewani. Unapata vyote viwili. Ila nanga ndefu zinatoka India, ni ghali, na safari yake ni miezi. Meneja alitaka akiba ianze robo ya mwaka ile. Akaniuliza kama siwezi kuruhusu blanketi "kwa muda tu," huku tukisubiri. Nikamwambia sisaini. Chumba kilinyamaza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha baada ya wiki tano, na kila mtu mle ndani alijua, mimi hasa, kwa sababu nilikuwa nimelipa deposit ya nyumba na ninasomesha mdogo wangu.

Nilitoa ile kulabu kwenye begi nikaiweka juu ya meza, juu ya zile karatasi zake za bei. Sikuhutubia. Nilisema inatoka wapi na ilibeba kilo ngapi. Fundi wetu wa mitambo, ambaye siku zote huwa hasemi kitu kwenye mikutano, aliichukua, akaizungusha, akapima ile sehemu nyembamba kwa kidole. Akampitishia meneja.

Uamuzi haukuwa ule wa sinema. Waliagiza nanga ndefu za nusu ya paa, ule upande wa moto mkali. Nusu nyingine ikabaki wazi kama ilivyokuwa, ikipasha anga, mpaka bajeti nyingine. Mkataba wangu uliongezwa miezi sita badala ya miaka miwili. Nilikubali.

Makasha yalipofika kutoka Mombasa nilisimama nikiyatazama na nikaudhika kidogo, si kwa sababu ya India. Tofali zuri la moto linahitaji madini yenye alumina nyingi, na mojawapo ni kayanaiti, jiwe la buluu ambalo ukilichoma vya kutosha hugeuka kitu kigumu kinachoitwa mulaiti. Sasa, Kenya tulikuwa nayo. Kilima cha Murka, kule Taita-Taveta, kilichimbwa kayanaiti miaka ya 1940 na kuendelea, ikapakiwa na kuuzwa ng'ambo kwa watu wa matofali ya moto. Na Tabaka, hapo Gucha Kusini, jiwe letu la sabuni tunalochongea twiga na sahani za watalii ni jamaa wa mawe ambayo watu wa Finland hujengea majiko ya nyumbani kwa sababu hutunza joto usiku kucha. Sisemi tufungue kiwanda kesho. Najua gharama ya tanuri kuliko wengi wanaosema tufungue kiwanda kesho. Nasema tu nilikuwa nimeshika nanga yenye lebo ya Gujarat na nikawaza Murka.

Tata alipopata habari za paa jipya aliingiwa na wazo. Kikundi chao cha wafyatuaji kilikuwa kinataka kujenga tanuri la kudumu, kwa sababu kuni zimekuwa taabu. Mikaratusi iliyo karibu imeisha au imenunuliwa na viwanda vya chai, na ile iliyobaki kando ya chemchemi watu wanataka ing'olewe maana inakunywa maji yote. Tanuri lenye kuta nene na paa hula kuni kidogo kuliko rundo la tope. Akanipigia.

"Tutengenezee lile la kutundika."

"Tata, hilo si la huku."

"Kwani sisi matofali yetu hayawezi kutundikwa?"

Ilibidi niende. Nilimweleza kwamba tanuri la upana wa mita mbili linalofika nyuzi 900 halihitaji mihimili ya chuma. Tao linaruka mita mbili bila jasho. Matofali ya tao anaweza kuyafyatua mwenyewe kwa kibao nilichomchorea, upande mmoja mwembamba. Seremala wa pale sokoni atengeneze kiunzi cha mbao cha kulijengea. Na msukumo tuuzuie kwa ukuta mnene wa mawe, mawe si yapo tele? Chuma kingemaliza pesa ya kikundi na kuoza kwa mvua ya Kisii. Alinisikiliza. Aliridhika na hesabu lakini nadhani hakuridhika na mimi, kwa sababu alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba binti yake atawaletea kitu kinachoning'inia. Tulilichimba tao kwenye mchanga kwa kijiti, ukubwa wake halisi, na yeye akaenda akapima pale linapokutana na ukuta kwa vidole vyake vile vile. "Hapa ndipo panasukuma," alisema. Nikamwambia ndiyo, hapo hapo.

Kazini tuliwasha paa jipya Alhamisi. Siku ya kwanza hatukupita nyuzi 120, tukakaa hapo mpaka unyevu utoke, na nilimwona msimamizi wa shifti akitazama saa kama mtu aliyekosa ndege. Halafu polepole, saa baada ya saa. Kwenye 300 hivi katoni zilianza kuungua, moshi mwembamba wa harufu ya shule ya msingi siku ya kuchoma takataka. Niliziona nafasi zikiwa wazi, na kufikia Jumapili zilikuwa zimefungika zenyewe, karibu milimita 20 kwa upana wote, kama tulivyoandika kwenye mchoro. Bileti ya kwanza ilitoka Jumapili usiku. Watu walipiga picha.

Mimi nilipanda juu na tochi na kipima joto, nikaanza kusoma kulabu moja moja, safu kwa safu, na kuandika. Nusu ya nanga ndefu: 140, 135, 150, 142. Nusu ya zamani: 240, 255, 248. Safu ya kumi na moja, karibu na ukuta, nikapata 410. Nikarudia. 410 tena. Nikainama na tochi. Hapakuwa na blanketi. Ni vumbi tu, vumbi la kawaida la kiwanda na vipande vya zege ambavyo mtu alivifagilia pembeni siku ya ujenzi ili kijia kionekane kisafi, vimejaa kwenye kona mpaka juu ya shingo za nanga nne. Nilimpigia kelele kijana wa chini aniletee fagio na ndoo, hakunisikia kwa ngurumo za mashine, nikashuka kuvichukua mwenyewe.

Ndoo tatu. Saa tisa za usiku kulabu ile ilisoma 290. Nikaiandika, nikaenda safu ya kumi na mbili.